Kamba za Kitanda cha Msikitini

Msije mkaniambia tena kwamba kamba ya makumbi ni nzuri. Juzi kijana mmoja, mwenye adabu zake, alinitembelea na kipande cha kamba alichokinunua sokoni, akaniambia anakwenda kukitundika ukutani sebuleni kwake kwa sababu kinapendeza na kinamkumbusha asili. Nilimwuliza kitafunga nini. Akacheka. Nikamwuliza mara ya pili, kitafunga nini? Akacheka tena, na mimi chai ikanipalia kwa hasira.

Sikatai, inapendeza. Watu waliipenda kabla yangu na wataipenda baada yenu. Lakini mtu akipenda kitu bila kujua kimetoka wapi, haimwii vigumu kukitupa siku ya pili. Nimeshaona ikitupwa, na aliyeitupa alilelewa nayo, ilimlisha na kumvisha. Habari hiyo ndiyo ninayotaka kuwapa. Nikipaza sauti mnisamehe, na msiponisamehe ni vilevile.

Skuli niliiacha mapema, kabla mwalimu hajalizoea jina langu. Sikuwa mjinga. Nilichoka kuulizwa maswali na mtu anayeyajua majibu. Nilitaka kuuliza mimi. Basi nikapakua mizigo Mkoani, nikalima mpunga Pujini, nikakata miti Makangale kule karibu na msitu, na kila nilipokaa nilifukuzwa au nilijifukuza mwenyewe. Watu wakaniita Kiguu na Njia. Jina nililopewa na baba yangu nimebakiwa nalo mimi na wazee wachache.

Mwaka mmoja, baina ya vita vile viwili vikubwa, nilikuwa nateremka kusini ya Mkoani bila shughuli yoyote, nikapita kitongoji cha pwani wakati maji yametoka. Nikamwona mwanamke mtu mzima amepiga magoti katika tope anafukia makumbi ya nazi, yale maganda ambayo kwetu tulikuwa tunayachoma.

"Bi, unafukia nini?"

"Nafukia maswali," akasema bila kuinua uso. "Ukiwa nayo mengi lete, shimo bado lina nafasi."

Huyo alikuwa Bi Mize. Nilisimama nikamwuliza kwa nini tope na si mchanga, kwa nini pwani na si mtoni, kwa nini haweki chumvi kwenye pipa akakaa nyumbani kwake kivulini. Mwishowe akanipa jembe. "Mtu akiuliza hivi basi na achimbe," akasema. Nikachimba. Na mimi niliyekuwa siwezi kukaa mahali mpaka nguo zangu zikauke, nikakaa kitongoji kile miaka.

Sasa sikilizeni, maana hili hamtaliona kwenye ukuta wa sebule. Kumbi hulifukia pwani, mahali ambapo maji ya bahari hayakosi kufika hata siku za maji mafu, yale maji madogo. Likikauka katikati ya safari limeharibika. Hulifukia baada ya mavuno ya karafuu na kulifukua mpunga ukishazaa. Hapo nyama yake imeoza na nyuzi zake zimebaki, na harufu yake, wallahi, inamtoa nyoka pangoni. Hulipiga kwa gongo juu ya jiwe, ukalisuuza kwa maji ya bahari, ukalianika, na kinachobaki ndicho usumba. Unachukua usumba kidogo, unauviringisha baina ya viganja mpaka unakuwa uzi, na nyuzi mbili unazisokota kinyume. Kila uzi unataka kujifungua upande wake, na ugomvi wao ndio unaoishika kamba. Nilipolielewa hilo nilikaa kitako nikacheka peke yangu, Bi Mize akaniuliza kama nimepandwa na pepo.

Makumbi yangu ya kwanza niliyafukia vizuri sana, tena kwa majivuno. Nilichosahau ni mawe. Shimo lazima uliwekee mawe juu, maana kumbi linaelea, halina akili ya kukaa chini lenyewe. Yakaja maji ya bamvua, yale makubwa, na asubuhi pwani nzima imejaa makumbi yangu kama ng'ombe waliokata kamba. Wanawake wakawa wananiletea mojamoja mlangoni. "Hodi! Kiguu na Njia, watoto wako wamerudi, huyu nimemkuta kwangu anataka uji." Ilichukua siku nyingi kwisha. Hata watoto wadogo walinijia na kumbi mkononi, na sura za huzuni, kana kwamba wamenibebea maiti.

Wanaume nao hawakuninyamazia. Kusokota kamba nyembamba ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamme alisokota amari, kamba nene ya nanga, au hakusokota kitu. Nikipita barazani wananiuliza: "Bi Kiguu, leo unapika nini?" Nami nawajibu kwamba napika kamba ya kuwafungia midomo. Lakini walipotaka kamba ya ndoo walikuja kwangu.

Na sasa nifike kwenye kitanda.

Kitongoji chetu hakikuwa na jeneza la peke yake. Msikitini kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba. Juu ya hicho tulioshea maiti, kwa sababu maji hupita katikati ya kamba yakaenda zake, na hichohicho kikifutwa na kutandikwa mkeka kilimbeba mtu mpaka kaburini. Kamba zake zilikuwa za usumba, na kila mwaka, karibu na Ramadhani, wanawake waliziondoa zilizochakaa na kukiwamba upya. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila nyumba ilitoa kamba iliyosokotwa katika nyumba hiyo. Fukara alitoa fupi, mwenye nafasi alitoa ndefu. Ziliungwa moja baada ya nyingine, kitanda kikawambwa, na ukikitazama unaona hapa mkono wa fulani, umekaza. Hapa mkono wa fulani, mvivu, kamba yake ina vinyweleo. Bi Mize alizijua zote. Alikuwa akipitisha kidole na kutaja majina kama mtu anayeita watoto wa chuo cha Kurani.

Watu wawili waliogombana mpaka wakaacha kusalimiana, bado kamba zao ziliunganishwa fundo kwa fundo pale. Nyumba ambayo kamba yake haikutiwa ilikuwa ni nyumba iliyojitenga na watu, na sikupata kuiona nyumba ya namna hiyo mpaka alipotajirika Kheri.

Kheri alikuwa mtoto wa Bi Mize, na hakuwa na ndugu. Baba yake alikufa yeye yungali anatambaa, na mama akamlea kwa makumbi. Kanzu yake ya kwanza ilitoka kwenye makumbi, na chakula chake, na ada ya mwalimu wake wa chuo. Watoto wenziwe walimwita Mtoto wa Makumbi kwa sababu ya harufu ya nguo zake. Huenda hilo lilimwingia. Mimi sikuwapo, lakini nawajua watoto. Alipokua akafanya kazi katika shamba la karafuu, akawa msimamizi, kisha akapata shamba lake, kisha akapata mengine, na hapana anayeweza kusema aliiba. Alikuwa hodari. Akajenga nyumba ya mawe yenye roshani, akamhamishia mama yake humo, na siku ya kumhamisha akamwambia: "Mama, pwani basi."

Akamkataza kabisa. Hapana makumbi, hapana usumba ndani ya nyumba ile, wala kamba. Mke wake naye, msichana aliyetoka kwao na kazi ya kamba mikononi, akakatazwa. Akamnunulia mama yake kanga za kila rangi na kumwekea mtumishi wa kumchotea maji. Watu wakasema, mtazameni Kheri, anavyomtunza mama yake!

Mimi nilikuwa nakwenda kumwamkia. Namkuta amekaa kitako juu ya mkeka mpya, miguu ameikunjua, na viganja vyake vinasuguana. Vinasuguana tu, mbele, mbele, mbele, hakuna kitu ndani yake. Nikimtazama anaviweka chini ya mapaja. Baada ya muda vinatoka tena.

Mnataka kujua kwa nini nina hasira? Kaeni mtazame mikono ya fundi inavyosokota hewa, kisha mniulize.

Baada ya hapo Kheri akautengeneza msikiti. Akatia saruji, akaezeka mabati, na hayo yalikuwa mema, Mungu amlipe. Lakini siku ya kuufungua alitoa na kitanda. Kitanda cha mninga, matendegu yake yamechongwa, kimewambwa kwa kamba nyeupe ya katani kutoka Bara, iliyotengenezwa kwa mashine, laini, imelingana kama uzi wa cherehani. Cha zamani kilikuwa kimeshatolewa; kamba zake zimekatwa, nilizikuta zimefungiwa mbuzi nyuma ya nyumba yake, na mbao zake zimekwisha jikoni.

Siku ile alisema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu anayefanya hisani: "Wazee wangu, tumechoka kuwapeleka maiti wetu kwa Mola wao wakinuka tope."

Wanawake walikuwa nyuma ya ukuta wanasikia. Hawakusema kitu. Bi Time, shoga yake Bi Mize tangu utoto, mwanamke mwenye ulimi wa upupu, hata yeye alinyamaza, nami nikajua kwamba hilo limewafika mahali pabaya.

Siku ya pili nilikuwa kwa Bi Mize, na Kheri akaingia, kanzu inang'aa.

"Kheri," akasema mama yake, "kile kitanda umekipeleka wapi?"

"Kitanda gani, mama?"

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Cha msikitini."

"Nimetoa kipya. Cha mninga. Ni sadaka yangu na yako."

"Sikukuuliza kipya."

"Cha zamani kilikuwa kibovu, mama. Kinanuka."

"Baba yako alioshwa juu yake."

Kheri akatazama roshani yake. Bi Mize akaendelea, polepole: "Basi nisikilize, na huyu Kiguu na Njia awe shahidi. Mimi nikifa mnioshe juu ya kamba. Kamba za watu. Sitaki kulazwa juu ya kitu kisichosokotwa na mtu."

"Mama, usitaje mambo hayo, unajiitia kifo."

"Hakisikii! Kingekuwa kinasikia kingeshakuja, maana nakiita tangu uliponitia humu ndani."

Nilicheka, haikuwa makusudi. Kheri akanigeukia. "Wewe, mtu usiye na kwenu, ndiye unayemtia mama maneno."

"Mimi sina maneno, Bwana Kheri. Ninayo maswali tu. Wasia wa mama umeusikia?"

"Nimemsikia mtu mzima akinung'unika," akasema, "na nitamzika kwa heshima ambayo hapana mtu amezikwa nayo hapa." Akatoka. Na ninachotaka mfahamu ni kwamba alikuwa anasema kweli. Alidhani katani ile ndiyo heshima. Mtu mbaya ungemvumilia, unajua anataka nini. Huyu alikuwa anamnyang'anya mama yake kila kitu kwa mapenzi.

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nikaenda Mkoani kwa mwenye duka aliyeuza katani ile, Muhindi tuliyemwita Baba Yusufu, mtu wa ibada na wa mizaha. Nikamwuliza kamba hii ni ya nini.

"Ya kufungia magunia," akasema. "Ya kufungia mzigo. Nzuri sana, safi sana. Unataka?"

"Ukiiloweka?"

Akaniangalia. "Kwa nini uloweke? Wewe unapika?"

Nikamweleza habari ya kitanda. Akavua miwani. "Yakhe, mimi Kheri hakuniambia vile. Mimi namuuzia kamba ya gunia. Gunia likilowa, karafuu inaharibika, kwa hiyo hapana mtu analowesha gunia. Nani amesema oshea maiti?" Akanikatia kipande nikajaribu mwenyewe.

Nikakitia kwenye chungu cha maji, na pembeni yake kipande cha usumba. Nikawa navitoa, naviacha juani, navirudisha, kama kitanda kinavyolowa na kukauka. Usumba ulibaki vilevile, na kwa nini usibaki? Ulishaoza yote ya kuoza ulipokuwa shimoni. Kilichobakia hakina haja na maji. Katani ikawa nyeusi, ikavimba, kisha ikawa inakatika kwa vidole. Sisemi katani ni kitu kibaya. Kila kamba ina kazi yake. Nasema mtu asichague kamba kwa weupe wake.

Sikuwa na haja ya kumwonyesha Kheri kile chungu. Mvua za masika zilipoanza alikufa mzee mmoja, akaoshwa juu ya kitanda kipya, na waosha wakiwa katikati ya kazi kamba za upande wa kichwani zikaachia. Walimdaka kwa mikono. Mzee wa watu, aliyeishi kwa heshima yake yote, akamaliziwa kuoshwa ameshikwa mabegani kama mlevi. Kheri alipoambiwa akasema fundi hakukaza, akaleta katani mpya, akakiwambisha tena.

Bi Mize aliisikia habari ile. Alinitazama tu, na viganja vyake safari ile vilikuwa vimetulia, jambo lililonitisha zaidi.

Alikufa wakati wa mavuno ya karafuu, asubuhi, watu wakiwa mashambani. Nilikuwa napiga usumba pwani nikamwona Bi Time anakuja anakimbia, mwanamke wa umri ule, kanga imemwanguka mabegani.

"Mize ametangulia," akasema. Kisha, kabla sijasema inna lillahi: "Kheri ameshaagiza kile kitanda chake. Kipo uani. Kiguu, wewe una miguu?"

"Ninayo."

"Basi itumie. Pita kila nyumba. Waambie Bi Time anataka kamba. Usieleze. Wataelewa."

Hapo ndipo nilipojua kwamba ule unyamavu wa siku ya msikiti haukuwa wa kushindwa. Nilikwenda mlango kwa mlango, na kweli sikueleza. Niliposema tu "Bi Mize" na "kamba", mtu anageuka anaingia ndani. Lakini ulikuwa msimu wa karafuu, kila kamba ilikuwa kazini. Mmoja alikata kamba ya ndoo akaniambia leo tutakunywa maji ya madafu. Mmoja alifungua mbuzi, na mbuzi akaja nyuma yangu mpaka nusu ya njia. Bibi mmoja kipofu alinipa kamba mbichi aliyoimaliza siku ile, rangi yake bado nyekundu, akaniambia niwaonye kwamba mwisho wake haujakazwa. Mwanamke mwingine, ambaye na Bi Mize walikuwa hawasemezani tangu zamani kwa ajili ya mpaka wa shimo la makumbi, aliniweka mlangoni muda mrefu. Nikadhani amekataa. Akatoka na kamba ndefu kuliko zote. "Mpe," akasema, "na mpaka ulikuwa wangu." Akafunga mlango.

Nilipofika nyuma ya nyumba ya mawe nilikuwa nimevikwa kamba kama punda wa mzigo. Wanaume walikuwa mbele, barazani, na Kheri katikati yao, macho mekundu, analia kweli. Huku nyuma kulikuwa na ua wa makuti, na ndani yake wanawake, na mwanamme hapiti. Nikawa nazipitisha kamba juu ya ua, moja moja, na mikono inazipokea.

Nikasikia Bi Time anauliza: "Nani ana kisu?" Na sauti ya mke wa Kheri, ya chini: "Mimi." Kisha nikasikia katani inakatwa. Ina mlio wake, mkavu. Alikata yote peke yake, hakumpa mtu kile kisu.

"Na wewe mwanangu," Bi Time akamwambia, "leta kamba yako tuanzie. Nyumba ya marehemu na ianze."

Kisu kikawekwa chini. "Humu kamba ilikatazwa, Bi Time," akasema. "Hamna hata ya kutundikia chandarua, na zile za mbuzi hazikusokotwa humu."

Bi Time hakumlaumu. Nilisikia akivuta pumzi, akasema, "Basi tuanze na ya kipofu."

Walikiwamba haraka ajabu. Mikono ilikuwa mingi na kila mmoja alijua zamu yake. Katikati ya kazi Kheri alituma mtu kuuliza kwa nini kuosha kunachelewa. Bi Time akajibu kutoka ndani kwamba maji hayajapata moto. Mtu akatumwa tena. Bi Time akasema akija mara ya tatu ataoshwa yeye. Shehe wa msikiti, mtu mpole asiyependa fitina, alikuwa amezunguka kutafuta kivuli akanikuta pale nje ya ua na kamba ya mwisho mkononi. Aliitazama kamba, akanitazama mimi.

"Shehe," nikamwambia, "dini inasemaje juu ya kamba?"

"Dini imetaka maji, usafi na sitara," akasema. "Kamba haikutajwa." Akafikiri. "Na kumwosha mwanamke ni kazi ya wanawake, mimi haijanihusu." Akarudi barazani akawaambia watu wasome zaidi, bado kidogo.

Wakamwosha. Hapana kilichoachia. Wakamkafini, wakakifuta kitanda, wakatandika mkeka, wakamlaza, wakamfunika, nguo ikashuka pande zote mpaka karibu na chini. Kitanda kikatoka mlango wa mbele. Kheri aliyaona matendegu yake ya kuchonga akaridhika. Alikuja akashika mbele kulia, na mimi kwa makusudi nikashika nyuma yake. Tukanyanyua, watu wakaanza kuleta tahalili, tukashika njia ya makaburini.

Hatukwenda mbali. Nilimwona anageuza shingo kidogo, kama mtu aliyeitwa. Harufu ilikuwa imemfikia. Ile ileile, ya tope la pwani, ya nguo zake za utotoni. Akapeleka mkono chini ya nguo, akapapasa, na nikaona bega lake linaganda.

Akapunguza mwendo. Akaniuliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini katikati ya tahalili: "Kiguu na Njia, hizi kamba za nani?"

Nilikuwa nimeshayafikiria maneno mengi ya kumwambia mtu yule, miaka mizima, nikiwa nawatazama wale mbuzi wake na kamba za kitanda shingoni. Yote yakanitoka kichwani. Nikamjibu alivyouliza.

"Za nyumba zote," nikasema. "Isipokuwa yako."

"Ningetoa," akasema. "Mngeniambia, ningetoa."

"Ungetoa nini, Bwana Kheri? Kwako imo?"

Akasimama. Kitanda kikayumba, na watu wa nyuma wakaanza kupiga kelele: "Nendeni! Msisimame na maiti njiani! Kuna nini huko mbele?" Akaenda. Watu walikuja kumwomba bega kama ilivyo ada, kila mtu anataka thawabu zake, akawakatalia mmoja mmoja kwa kichwa. Wakasema, mtazameni Kheri anavyompenda mama yake. Nilisikia hayo nyuma yangu na nikataka kukitua kitanda pale pale nimgeukie kila mmoja wao.

Kamba ya yule kipofu ilikuwa bado mbichi. Kamba mbichi ya makumbi ikilowa inatoa maji mekundu kama chai ya rangi, na kwa kuwa walianza nayo ilikuwa upande wa mbele. Ikawa inatona juu ya bega lake, juu ya kanzu ile nyeupe, njia nzima mpaka kaburini. Nanyi mliokuwa hamjapata kuishika kazi hii, mkubali kuambiwa: doa la makumbi halitoki, hata ukitia ndimu, hata ukitia majivu.